Ute kwenye choo: je, ninywe dawa ya kuharisha?

SWALI: Kwa wiki mbili sasa naona ute mweupe kidogo kwenye choo. Damu hakuna, wala tumbo haliumi. Jirani ananiambia ninywe dawa ya kuharisha nisafishe utumbo. Ni sawa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinywe. Ute huo hutengenezwa na utumbo wenyewe, nao ndio ngao yako. Katika utumbo mpana una matabaka mawili. La nje ni legevu na bakteria wanaishi humo. La ndani limeshikamana na ukuta, tena limebana hata bakteria hawapenyi. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2008. Panya wasio na musini, protini inayoujenga ute huo, bakteria huwafikia ukutani, kinga ya mwili ikapambana nao, na utumbo ukavimba na kutoka vidonda. Dawa za kuharisha zinazovuta maji utumboni nazo zimeonekana kuupunguza ute wa panya.

Adui mkubwa zaidi ni chakula kisicho na nyuzinyuzi. Bakteria wakizikosa, baadhi yao hugeukia ute na kuula. Wakizipata huzichachusha na kutoa butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na ugali wa sembe haukufikishi huko kwa sababu pumba zimeshakobolewa. Kula dona, ila mahindi yawe makavu na yamechambuliwa, maana yaliyooza hubeba sumukuvu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya. Wiki ya kwanza kula nusu kikombe tu. Ukianza na mengi, gesi itakusumbua na utaacha.

Ute ukiongezeka, ukiendelea mwezi mzima, au ukija na damu, homa au kukonda, nenda kapime. Huenda ni amiba, kijidudu kinacholeta kuhara damu: hujishikiza kwenye musini na kuivunja kwa vimeng'enya vyake ndipo aingie ukutani. Choo cha majimaji kipimwe ndani ya nusu saa, kwa hiyo kitoe hapo hapo kituoni, usikibebe kutoka nyumbani: kikipoa, amiba huacha kutembea na ni rahisi asionekane kwenye hadubini.