Shahada ninayo, porini sijulikani: majibu kwa wanaosaka kazi za utafiti wa uhifadhi

Wasomaji wengi wameuliza kuhusu kazi za mazingira na utafiti wa wanyamapori. Nimechagua maswali matano.

Nimemaliza shahada ya sayansi ya mazingira, mwaka wa pili huu nasota mtaani. Kila siku nachungulia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma

Endelea kuchungulia, ila usikae mlango mmoja. Wengi wakishataja TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (wanyamapori), TFS (misitu) na NEMC (baraza la mazingira), orodha yao imeisha. Utafiti wenyewe uko zaidi TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori kule Arusha, TAFORI, ya utafiti wa misitu, ya Morogoro na vyuoni kama SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na mara nyingi kijana huingia kwa mkataba wa miezi michache: mwanafunzi wa uzamivu ana fedha za mradi na anataka mtu wa kumkusanyia takwimu. Nafasi za namna hiyo aghalabu hazifiki gazetini. Zinapita mdomoni kwa wahadhiri, kwa hiyo mwandikie yule aliyesimamia utafiti wako wa mwaka wa mwisho. TAWIRI pia huwa na kongamano la kisayansi kila baada ya miaka miwili. Jitahidi ufike, kaa na watu wakati wa chai.

Halafu kuna kampuni za ushauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi mikubwa kuanza, na wataalamu wanaoifanya husajiliwa. Wanahitaji vijana wa kwenda mikutano ya vijiji na kuchukua sampuli za maji. Tembo hutamwona, lakini kodi ya nyumba utalipa.

Nimeishia kidato cha nne. Nimekulia kando ya msitu wa Udzungwa, na watafiti nawaona wakipita tu. Kuna nafasi yangu? – Msomaji, Mang'ula

Ipo, ndugu yangu, na usijidharau. Kima anayeitwa kipunji alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, lakini watafiti walianza kumtafuta mlima Rungwe, Mbeya, baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Msitu wa pili alikoonekana uko hukohuko kwenu Udzungwa. Na Gombe, hifadhi ya sokwe kule Kigoma, je? Mei 1975 wapiganaji kutoka Zaire (Kongo ya sasa) walivuka Ziwa Tanganyika wakawateka watu wanne waliokuwa kwenye utafiti wa sokwe. Wanafunzi wa kigeni wakaondolewa. Waliobaki wakiwafuata sokwe na kuandika kila siku walikuwa Watanzania, wengi wenyeji wa vijiji vya jirani, wasio na shahada.

Kwa hiyo anza na kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia hapo hapo Mang'ula. Jitambulishe, waambie unaijua miti kwa majina ya kienyeji na njia zote za juu. Kisha jifunze kupima kwa usahihi, maana hapo ndipo wengi huachwa. Kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini; kwenye mteremko unaanzia upande wa juu; wenye mizizi-ubao, ile mizizi mipana inayosimama shinani kama mbao, unapimwa juu ya mizizi hiyo. Andika kwa penseli, kwani mvua ikinyesha wino hutiririka na kazi ya siku nzima inakwenda na maji. Mti usiokuwa na uhakika nao, andika "sijui". Mtafiti humwamini zaidi anayeandika hivyo kuliko anayebuni jina.

Ukitaka cheti, chuo cha wanyamapori cha Pasiansi, Mwanza, kinapokea waliomaliza kidato cha nne, na chuo cha Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo hufundisha askari wanyamapori wa vijiji.

Nimetumiwa tangazo la "maafisa utafiti wa hifadhi". Wanataka shilingi 80,000 za fomu na vipimo vya afya. Nitume? – Msomaji, Tabora

Usitume hata mia. Ni matapeli.

Nimesoma takwimu chuo kikuu. Ndege ninaowajua ni kunguru na kuku. Nina nafasi huko? – Msomaji, Mbeya

Pengine kuliko wote walioandika hapa! Kamera zinazojipiga zenyewe kitu kikipita mbele yake, zikiachwa porini, hurudi na picha maelfu kwa maelfu, nyingi zikiwa za nyasi zilizotikiswa na upepo, na wanabiolojia wengi hukwama wakifika kwenye hesabu. R, programu ya takwimu, na QGIS, ya kuchora ramani, ni za bure. Pakua takwimu za GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, ambazo ni wazi kwa kila mtu, uchague mnyama mmoja wa mkoa wako, uchore ramani, kisha uambatanishe na barua ya maombi. Majina ya ndege utafundishwa.

Mimi ni binti wa mvuvi. Kazi za utafiti wa baharini zinafaa wanawake? – Msomaji, Kilindoni, Mafia

Mwanangu, nani amekwambia hazifai? Hapo Kilindoni kila msimu watafiti huwatambua papa potwe kwa madoa yao: wanapiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, kwa sababu mpangilio wa madoa haufanani kwa papa wawili.  Kwa masomo, iangalie Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Kwa ajira, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Kule Gazi, Kwale, nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, tangu 2013, na kuhesabu na kupima mikoko ni sehemu ya kazi yenyewe. Kama kuogelea hujui, baba yako akufundishe kabla hujaandika barua.