Maswali yenu: mkorosho, kondoo na mtoto wa kopi

Baada ya somo la jioni kuhusu uumbaji nimepokea vikaratasi vingi, na vingi vinauliza jambo moja: kutengeneza kloni ya mtu, yaani kutoa kopi yake. Najibu kama katekista, si kama daktari.

*Katekista, shikamoo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wametufundisha kubebesha mikorosho. Nakata kikonyo kwenye mti unaozaa vizuri, nakifunga kwenye mche, napata mti uleule. Hiyo si kloni? Mbona kwa mtu iwe dhambi? – Mkulima, Newala*

Marahaba. Ndiyo, ni kloni, na hata muhogo unaopanda kwa kipande cha shina ni kloni. Huna dhambi yoyote. Ila jiulize kwa nini ulichagua mti ule: kwa sababu ya korosho zake. Mti ukizeeka utaukata, ukishikwa na ubwiriunga utaupiga salfa, na mwenye faida katika yote hayo ni wewe. Mtoto je? Anayeagiza kopi ya mtu naye amekwisha kuchagua anachotaka kuvuna. Hati ya Kanisa Katoliki ya mwaka 2008, *Dignitas Personae*, inasema kumpangia mtu umbile namna hiyo ni aina ya utumwa. Sisi wa kusini, tunaojua Mikindani na Kilwa Kivinje palisafirishwa nini, neno hilo hatulisomi kwa haraka.

Halafu kuna hasara. Kondoo Dolly, kopi ya kondoo mwingine, alizaliwa Scotland mwaka 1996 baada ya mayai 277 kujaribiwa; viinitete 29, yaani mimba changa kabisa, vikapandikizwa, akapatikana yeye peke yake. Mche ukifa kitaluni unapanda mwingine. Hao wengine, kama wangekuwa watu, tungewahesabu vipi?

*Hawa alitoka ubavuni mwa Adamu. Mungu si ndiye wa kwanza kutoa kloni? – Kijana wa kwaya, Masasi*

Nimecheka, kwa sababu kila mwaka lazima atokee mmoja. Kopi ya mwanamume ni mwanamume, kwa hiyo Hawa hahusiki. Tena Adamu alikuwa amelala usingizi mzito, hakuagiza chochote.

*Na kloni ile ya kutafuta tiba tu, bila kuzaa mtoto? – Muuguzi, Lindi*

Hapa Wakristo hatuko pamoja. Katoliki inakataa, maana kiinitete kinatengenezwa ili kivunjwe, nacho tunakiheshimu kama mtu tangu mwanzo. Wapo Waprotestanti wanaoona kwamba utafiti katika siku za mwanzo kabisa unakubalika. Sheria ya Uingereza imeweka mpaka wa siku 14 za kukifanyia kiinitete utafiti. Mimi siukubali mpaka huo, lakini wenye maoni hayo siwaiti wauaji. Na ukiniuliza kuhusu seli za shina, yaani chembe za mwili zinazoweza kugeuka kuwa chembe za aina nyingine, zinazotolewa kwa mtu mzima, hizo hazina ugomvi na Kanisa.

*Nilifiwa na mwanangu wa miaka minne. Kwenye simu nimeona mtu anasema wanaweza kumrudisha kwa nywele zake. Nitakuwa nimekosea? – Mama, Nachingwea*

Pole sana, mama. Kutamani arudi si kosa.

Huyo wa kwenye simu ni tapeli; usimtumie hata shilingi. Mwaka 2002 kikundi kimoja cha dini kilitangaza kwamba mtoto wa namna hiyo amezaliwa, ushahidi haukuletwa mpaka leo. Na hata ingewezekana, angezaliwa pacha wa mwanao aliyechelewa. Sura yake, ndiyo. Lakini siku mliyokwenda naye shambani mvua ikawanyeshea, huyu mpya hatakuwa nayo, na wewe ungekuwa unaitafuta machoni mwake kila asubuhi. Kumpa mtoto jina la marehemu tumezoea, na bado tunamwacha acheze anavyotaka. Huyu angelelewa kwa kupimwa na aliyetangulia.

Ukiweza, njoo Jumamosi tumwombee. Njoo na mama yako pia.

*Akizaliwa kweli mtu wa kloni, ana roho? Mtambatiza? – Hakuandika jina*

Anayo. Mapacha wa kufanana wana umbile moja na roho mbili, hilo tunaliona kila siku. Kosa la waliomtengeneza si lake. Akiletwa, nitafungua daftari la ubatizo na kuuliza ninayowauliza wote: jina lake nani, na wasimamizi wako wapi?