Jibu: Kuvunja ubia usiosajiliwa, Surat

Salaam dada. Nimekuelewa hivi: mumeo na mbia wake wana duka la vitambaa Surat, jimbo la Gujarat nchini India, hati ya ubia ipo ila haikusajiliwa, na mwenzake hataki kuvunja wala kutoa hesabu. Mmeambiwa bila usajili hamna pa kushtaki.

Si kweli. Kwa Sheria ya Ubia ya India ya 1932 usajili ni hiari. Kifungu cha 69 kinalizuia duka kumshtaki mteja kwa deni la mkataba, na hilo ni pigo, lakini kesi ya kuvunja ubia na kudai hesabu kinaiacha wazi.

Kwanza isomeni hati: inataja muda au namna ya kuuvunja? Kama haitaji, kifungu cha 43 kinamruhusu mumeo kuuvunja kwa taarifa ya maandishi kwa mwenzake. Aandike tarehe ya kuvunjika; asipoiandika, huhesabiwa siku taarifa ilipomfikia. Mimi huituma kwa posta inayotoa stakabadhi, na stakabadhi hiyo naibana kwenye nakala, maana wabia niliowaandalia hesabu walibishana zaidi juu ya tarehe kuliko fedha.

Tafadhali msiache tangazo kwa umma: Gazeti la Serikali na gazeti la Kigujarati linalosomwa wilayani. Bila hilo, mwenzake akikopa mzigo kesho kwa jina la duka, mumeo naye anadaiwa.

Kwenye mgawanyo, wadai wa nje hulipwa kwanza, kisha mikopo ya wabia, kisha mitaji, na baki kwa uwiano wa faida.

Tuwekee hapa kipengele cha muda kama kilivyoandikwa, tukiangalie.