Maswali na Majibu: Pikipiki ya Kwanza, Cheni na Oili

Maswali ya safari hii ni mengi, na nusu yake ni lile lile la "pikipiki yangu ina shida, nifanyeje?" Anayeuliza hivyo bila kutaja aina ya pikipiki, kilomita ilizotembea na shida inatokea injini ikiwa baridi au moto, asishangae kutojibiwa. Waliojieleza, majibu yenu haya hapa.

Shikamoo fundi. Sijawahi kuendesha. Nianze na cc 125 au nichukue 250 moja kwa moja nisije nikaichoka?

Marahaba. Chukua 125, ukizidi sana 150. Usiwaze spidi, waza uzito na resi. Mwanafunzi huangusha pikipiki ikiwa imesimama au ikigeuka polepole, na hapo kilo 30 za ziada utazihisi zote. Kabla ya kulipa, ikalie ikiwa wima: sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili ikanyage chini bila kujinyoosha. Kisha irudishe nyuma kwa miguu hatua kumi. Ikikushinda dukani, kwenye mteremko wenye kokoto itakulaza.

Hujauliza breki, na hakuna anayeuliza. Kama kiasi ulichonacho kinatosha ama rimu za kung'aa ama breki ya diski mbele yenye ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukibana breki), chukua diski. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki kwa sehemu kubwa, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele. Anayekufundisha kutumia ya nyuma peke yake "ili usipinduke" anakufundisha kuchelewa kusimama. Zibane zote mbili, ya mbele uibane taratibu kisha uiongeze nguvu, usiidake ghafla.

Oili ya gari imebaki nyumbani. Naweza kuitumia kwenye pikipiki ya gia?

Usiitumie. Swali hili hurudi kila mara, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Kwenye pikipiki nyingi ndogo za gia, oili ni moja tu: inalainisha injini, gia, na klachi imezama humo humo. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli, na klachi inafanya kazi kwa msuguano. Ukishaiweka, siku moja utavuta resi kupanda kilima, injini ipige kelele na mwendo usiongezeke. Sahani za klachi zinateleza hizo. Tafuta kwenye kopo alama ya JASO (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki) MA au MA2. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiogelei kwenye oili, kwa hiyo usidanganyike na picha ya pikipiki kwenye kopo. Uzito wa oili, 10W-30 au 20W-40, ufuate kitabu cha pikipiki yako.

Injini hizi hubeba kama lita moja hivi, nyingine pungufu. Ikipungua robo lita, robo ya oili yote imekwenda. Pima kila wiki: washa dakika mbili tatu, zima, subiri kiasi hicho hicho, simamisha wima kwa stendi kubwa (siyo ya pembeni, itakudanganya), futa kijiti, kirudishe, kitoe usome. Pikipiki nyingi hutaka kijiti kichomekwe tu bila kufungwa kwa nyuzi zake. Ukikifunga kinazama zaidi, unasoma oili nyingi kuliko iliyopo. Usijaze kupita alama ya juu, oili iliyozidi hutoa povu na kusukumwa hadi kwenye chujio la hewa.

Kumwaga oili: mara ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000, maana kwenye injini mpya vyuma vinasagana na unga wake umo humo. Baada ya hapo fuata kitabu, nyingi ni kati ya 2,000 na 4,000. Ukiendesha vipande vifupi au kwenye vumbi, wahi. Mwaga injini ikiwa ya vuguvugu, badilisha washa (kipete bapa) ya nati ya chini ya kumwagia oili, na uianze nati hiyo kwa vidole, siyo kwa spana. Bodi ya injini ni aluminiamu na nyuzi zake zikichanika mara moja utazijutia.

Fundi wa mtaani ameikaza cheni hadi haitikisiki. Anasema ndivyo inavyotakiwa.

Amekosea, na wapo wengi kama yeye. Cheni iliyolegea hupiga kelele ikakuonya. Iliyokazwa mno hukaa kimya ikila beringi ya shafti ya gia. Gurudumu la nyuma linapopanda kwenye shimo, umbali kati ya sproketi mbili (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) unaongezeka. Cheni isiyo na nafasi haina pa kupata urefu huo, kwa hiyo inavuta shafti na beringi, mwishowe sili (mpira wa kuzuia oili) inaanza kuvujisha oili nyuma ya sproketi ndogo.

Zima injini, weka gia huru na stendi kubwa. Zungusha gurudumu kwa mkono utafute mahali cheni inapokaza zaidi, kwa sababu haikai sawa pande zote. Hapo weka rula wima katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, sukuma cheni juu kisha ivute chini. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za barabarani tofauti iwe milimita 20 hadi 30. Zenye shokapu ndefu za njia mbovu hutaka zaidi, soma kibandiko au kitabu. Kama cheni imefunikwa yote, chungulia kupitia tundu lenye kifuniko cha mpira.

Kurekebisha: legeza nati ya ekseli, zungusha nati ndogo za kurekebishia robo mzunguko kila upande, alama za kushoto na kulia zilingane, kaza ekseli, kisha pima tena, maana kukaza kunaihamisha. Ambacho karibu kila mtu anasahau ni breki. Kama ya nyuma ni ya ngoma, kurudisha gurudumu nyuma kumevuta fimbo ya breki. Usipoilegeza upya, breki itashika muda wote na ngoma itaungua.

Klipu ya kiungo cha cheni, ule upande uliofungwa utangulie mwendo. Ikifungwa kinyume hung'oka. Ukiweza kuivuta cheni nyuma ya sproketi kubwa hadi nusu ya jino ionekane, imekwisha. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Na usipake oili cheni huku injini inazungusha gurudumu. Vidole haviuzwi dukani.

Nifunge silensa ya kelele?

Hapana. Ukiifungua njia ya moshi bila kurekebisha petroli, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha na injini inachemka. Majirani nao wana masikio.

Naenda kuangalia iliyotumika. Nikague nini?

Cha kwanza gusa injini. Ikiwa ya moto kabla hujafika, mwenye mali amekwisha kuiwasha kuficha jinsi inavyogoma asubuhi. Mwambie utarudi ikiwa baridi. Ikiwaka, angalia moshi: mvuke mweupe wa dakika chache ni maji tu, wa bluu usiokatika ni oili inaungua, ama ringi za pistoni ama sili za vali.

Angalia pale fremu inapoungana na shingo ya usukani, chini ya tangi. Rangi iliyopasuka au kujikunja hapo ni dalili ya kugonga mbele, hata kama taa ni mpya. Namba ya fremu ilingane na karatasi, ikiwa imekwaruzwa ondoka. Inua gurudumu la mbele ugeuze usukani polepole: ukinasa katikati, beringi zake zimekwisha. Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini, tazama mpira wa kukanyagia na kanyagio la breki. Saa inayosema kilomita 4,000 na kanyagio lililolika hadi kung'aa, mmoja kati ya hao anadanganya. Mwisho iendeshe gia zote, na uvute resi kwa nguvu katika kila moja. Gia inayoruka ikibebeshwa mzigo haitibiki kwa nje, injini yote inafunguliwa.

Ikiwaka inazima nikiachia resi. Ni ya kabureta, kilomita 9,000, inafanya hivyo ikiwa moto tu.

Huyu ndiye anayejua kuuliza. Safisha chujio la hewa, kagua plagi (ncha ya kahawia hafifu ni nzuri, masizi meusi makavu ni petroli nyingi), ndipo uguse skrubu inayoweka mwendo wa injini ukiwa umeachia resi. Ikiendelea, pima tapeti (nafasi ndogo iliyoachwa kwenye vali) injini ikiwa baridi kabisa. Zikikaza, vali haifungi vizuri injini inapopata joto.

Upepo wa tairi niweke ngapi?

Wa kwenye kibandiko, pima asubuhi kabla hujatembea, na ongeza wa nyuma unapopakia mtu. Kwa kidole hupimi kitu, nunua geji.

Nasafiri miezi miwili, pikipiki inabaki. Niache vipi?

Jaza tangi, funga koki ya petroli, mwaga iliyobaki kwenye bakuli la kabureta kwa skrubu yake ya chini, maana petroli iliyolala humo huacha gundi inayoziba jeti (vitundu vidogo vya kupitishia petroli). Toa waya wa hasi wa betri kwanza, wa chanya baadaye. Ukirudi anza na chanya.