Jibu: panya wanene kuonekana wanachoma nishati kidogo

Mkuu, unauliza kwa nini panya wako wa maabara walio wanene wanaonekana wanachoma nishati kidogo kuliko wembamba. Mi naona shida si panya, ni hiyo hesabu ya kugawa oksijeni anayotumia panya (ndiyo inayoonyesha nishati anayochoma) kwa uzito wa mwili, maana mafuta yana uzito ila hayachomi kama ini au misuli, sasa ukigawa hivyo mnene lazima aonekane mvivu. Pima mafuta na nyama tupu kwa DEXA (mashine ya eksirei) au EchoMRI (mashine ya sumaku, hii ya pili hata dawa ya usingizi haihitaji), afu tumia ANCOVA, yaani hesabu ya takwimu inayolinganisha makundi huku ikizingatia tofauti zao za mafuta na nyama. Na joto la chumba je? Kwenye nyuzi 22 panya anahangaika kujipasha tu, raha yake ni karibu 30. Data za siku ya kwanza tupa, panya bado ana wenge la keji mpya ya kupimia.