Jibu: McLaughlin alipotezaje ubingwa wa Supercars (mbio za magari za Australia) 2017?

Mkuu, umeuliza imekuwaje dereva Scott McLaughlin amalize wa 11 Newcastle, kwenye mbio za mwisho za msimu, halafu ubingwa uende kwa mpinzani wake Jamie Whincup. Nafasi hiyo ya 11 ingemtosha kabisa. Alianza Jumapili, siku ya mbio hizo, akiongoza kwa pointi 78 mbele ya Whincup, na hata wangelingana pointi, yeye ndiye aliyeshinda mbio nyingi zaidi msimu ule.

Tatizo ni adhabu, tena tatu siku moja! Kwanza alizidisha mwendo kwenye njia ya pit (wanapoingia kuhudumiwa magari), kisha akamgonga dereva mwenzake Simona de Silvestro. Akarudi nyuma kabisa, akaanza kupita gari moja moja. Karibu na mwisho wa mbio dereva Craig Lowndes alijaribu kumpita, Falcon ya McLaughlin na Commodore ya Lowndes zikagusana, Lowndes akabanwa ukutani. Waamuzi wakamwongezea McLaughlin sekunde 25, akaporomoka hadi wa 18. Whincup alikuwa ameshinda mbio hizo, akachukua taji lake la saba kwa tofauti ya pointi 21.

Kwangu adhabu ile ilikuwa halali, ila roho iliniuma sana. McLaughlin alibeba mataji matatu yaliyofuata, 2018 hadi 2020.