Mito 11 Ndani ya Nyumba Moja

Mgeni akiingia kwangu kwa mara ya kwanza huchungulia kitanda, kisha huuliza tunalala wangapi. Tunalala wawili. Mito ya kitandani ni saba, na minne mingine iko kwenye makochi. Nimeulizwa sana, basi leo nijibu kwa urefu, maana naipenda mito yangu na kila mmoja najua ulikujaje.

Nimekulia Tanga, kwa bibi, na nyuma ya nyumba palikuwa na msufi. Kiangazi mti ule ulipukutisha majani yote, maganda yakapasuka, sufi ikapeperuka mpaka jikoni. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuokota na kuchambua, unatoa mbegu nyeusi moja moja huku pua inawasha. Bibi alijaza mito kwa mikono yake, akashona mdomo, akaivisha foronya alizotarizi mwenyewe: "Lala Salama", "Karibu Mgeni", na maua mekundu pembeni. Mto wa mgeni hakuulalia mtu wa nyumbani. Ulikaa juu ya kabati, ukishushwa tu kuanikwa, ukimsubiri mtu ambaye hata jina lake hatukulijua. Mpaka leo nikihesabu mito, nahesabu na watu.

Mimba yangu ya kwanza ndiyo iliyoniongezea mito kitandani. Kliniki waliniambia kuanzia wiki ya 28 nilale ubavu, nisilale chali, kwa sababu uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kulala ubavu usiku kucha na tumbo la miezi saba si rahisi. Nilichofanya ni hiki: mto mmoja kichwani, mmoja katikati ya magoti ili nyonga zisivutane, mwembamba chini ya tumbo, na mwingine mgongoni unizuie nisigeuke usingizini. Maumivu ya kiuno yalipungua ndani ya siku chache.

Nikajifungua kwa upasuaji. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, aliniwekea mto tumboni akasema, "Mama, ukitaka kukohoa, ukumbatie kwanza." Aliyewahi kushonwa tumbo anajua kikohozi kimoja kinavyouma. Kwa hiyo wewe unayeandaa begi la kujifungulia, tia na mto. Utakufaa tena wakati wa kunyonyesha: mwinue mtoto kwa mto mpaka alifikie ziwa, usimwinamie wewe, mgongo utakushukuru. Ila mtoto mwenyewe asilalie mto kabla hajatimiza mwaka, wala usiachwe mto karibu na uso wake, kwani unaweza kumziba pumzi. Hapo sibishani na mtu, hata kama kamto kametoka kwa bibi yake.

Kuhusu kununua, angalia kwanza unalalaje. Anayelala ubavu anahitaji mto mnene wa kujaza pengo kati ya sikio na bega. Wa chali autafute mwembamba kidogo. Mito ya vipande vya sponji ni rahisi, nami niliinunua mingi nilipoanza maisha, lakini vipande hukimbilia pembeni, shingo ikabaki haina pa kuegemea, na joto la Dar es Salaam linazidi. Mimi nimerudi kwenye sufi. Kila uzi wake una uwazi ndani uliojaa hewa, ndiyo maana ni nyepesi hivyo, na zamani ilijazwa hata kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Usiifue, itashikana madonge. Ianike juani, uipige, na ikilala sana fumua mshono uichambue upya. Mto wa nyuzi za kiwandani ukunje katikati kisha uachie. Ukibaki umejikunja, muda wake umekwisha.

Lipo jambo moja ambalo ningependa kila mwenye mzazi mzee alisikie. Mwaka jana baba alianza kuchukua mito ya makochi. Kwanza mmoja, kisha mitatu, mwishowe akawa analala ameketi kwenye kiti. Tukadhani uzee tu, anapenda kuegemea. Tulipomfikisha hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Mzee, unalalia mito mingapi?" Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, na kila alipojinyoosha maji yalimjaa kwenye mapafu. Ukimwona mzee wako anaongeza mito ili apate pumzi, usingoje wiki iishe, mpeleke.

Baba anatumia dawa, na amerudi kwenye mito miwili. Nikienda Tanga, nikishamwamkia, naingia chumbani kwake na kuhesabu.